UPEPO WA TAIRI NDIO UNAOBEBA MZIGO



Mpunga ukishavunwa katika bonde la Kilombero, barabara ya kutoka Mlimba, Chita na Mngeta kwenda Ifakara hujaa vyombo. Malori hubeba magunia. Pikipiki hubeba watu, na mara nyingine hubeba watu na magunia pamoja. Trekta huvuta tela. Baiskeli nazo hazikosi.

Huenda utasema: "Mimi sina gari. Habari za matairi zinanihusu nini?" Fikiri kidogo. Mpunga wako ukiuzwa, unasafiri juu ya matairi. Mtoto wako akizidiwa usiku, atapelekwa zahanati kwa bodaboda. Akihitaji kufika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, atapelekwa kwa gari. Tairi likipasuka njiani, aliye juu ya gari ni wewe au ndugu yako. Kwa hiyo jambo hili ni lako pia.

Sasa tuulizane. Gari likisimama limejaa mzigo, ni kitu gani kinachobeba mzigo huo? Wengi watajibu kwamba ni mpira wa tairi. Jibu hilo si sahihi. Mpira ni mfuko tu. Kinachobeba ni hewa iliyobanwa ndani, ile tunayoiita upepo. Ukitaka kuhakikisha, toa upepo wote katika baiskeli, kisha panda. Tairi ni lile lile, lakini litalala na ringi itagonga chini.

Mtu aliyefanya matairi ya upepo yaenee duniani alikuwa daktari wa mifugo. Jina lake ni John Boyd Dunlop. Mwaka 1888, katika mji wa Belfast, Ireland, alikuwa na mtoto aliyeendesha baiskeli ndogo ya magurudumu matatu. Magurudumu yalikuwa magumu na yalimtikisa sana mtoto. Dunlop akatengeneza mpira wenye hewa ndani, akaufunga kwenye magurudumu. Baiskeli ikaenda vizuri zaidi. Kabla yake, mwaka 1845, mtu mwingine aitwaye Robert William Thomson alikuwa amefikiria jambo hilo hilo, lakini watu hawakulifuata.

Mpira wenyewe si mgeni katika bonde letu. Huko Kalunga, upande huu wa Kilombero, kuna shamba la miti ya mpira. Lingine liko Kihuhwi, Muheza. Mashamba hayo yalikusudiwa kukipa mpira kiwanda cha matairi cha General Tyre, Arusha. Wazee wanayakumbuka matairi ya kiwanda hicho. Kiwanda kimesimama kwa miaka mingi sasa, na matairi tunayotumia yanatoka nchi za nje kwa fedha nyingi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuyatunza.

UPEPO HUPIMWA KWA PAUNDI

Mafundi wetu hupima upepo kwa paundi. Kwenye kipimo utaona herufi PSI. Hizo ndizo paundi. Maana yake ni hii: chora mraba mdogo wenye upana wa inchi moja na urefu wa inchi moja. Inchi moja ni karibu sawa na upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Tairi likiwa na paundi 30, hewa iliyo ndani inasukuma kila mraba kama huo kwa nguvu ya paundi 30, yaani karibu kilo 14.

Vipimo vingine vina herufi BAR. Bar moja ni karibu paundi 14 na nusu. Ukiona 2 kwenye kipimo cha bar, usiogope ukadhani tairi ni tupu. Hiyo ni kama paundi 29.

Gari dogo lenye uzito wa kilo 1,200 huweka karibu kilo 300 juu ya kila tairi. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi si kubwa. Ni kama kiganja cha mkono wako. Basi gari zima, pamoja na watu waliomo, limesimama juu ya viganja vinne. Upepo ukipungua, tairi hulala, kiganja hupanuka na ubavu wa tairi hupindika.

Hapa ndipo hatari inapoanza. Chukua kipande cha waya. Kipinde na kukinyoosha upesi upesi mara nyingi. Kisha gusa mahali ulipokuwa ukipinda. Pana moto. Ukiendelea, waya utakatika. Ndani ya tairi kuna nyuzi, na katika matairi mengi ya magari kuna nyuzi za chuma. Tairi la lori huzunguka zaidi ya mara 300 katika kila kilomita moja. Likiwa na upepo mdogo, ubavu wake hupindika na kunyooka mara zote hizo. Hupata moto. Mpira hulegea, nyuzi huachana na tairi hupasuka.

Kila mzigo ukiongezeka, tairi hupindika zaidi. Kila mwendo ukiongezeka, hupindika haraka zaidi. Upepo mdogo, mzigo mzito na mwendo mkali vikikutana, usiseme kwamba tairi limepasuka kwa bahati mbaya.

"JAZA TU, IWE NGUMU"

Tuseme kijana wa bodaboda amefika kwa fundi asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

"Nzuri, mzee. Niongezee upepo nyuma. Leo nina abiria na gunia."

"Nikuwekee paundi ngapi?"

"Ah, wewe jaza tu, iwe ngumu."

Fundi anajaza. Kijana anabonyeza tairi kwa kidole gumba, anatikisa kichwa kuridhika, analipa na kuondoka.

Mazungumzo ya namna hii yapo kila siku. Lakini kidole gumba si kipimo. Hakiwezi kutofautisha paundi 22 na paundi 32. Teke halitofautishi. Utingo anayegonga tairi la lori kwa rungu anaweza kugundua tairi lililoisha upepo kabisa. Hawezi kujua kwa rungu kwamba tairi lililotakiwa kuwa na paundi 110 lina 80, na tairi hilo la 80 ndilo litakalopata moto likiwa na mzigo.

Kinachotakiwa ni kipimo. Baadhi ya mafundi hukiita geji. Kuna vidogo vinavyoingia mfukoni. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya tairi moja, na kikundi cha bodaboda kinaweza kununua kimoja kikatumiwa na wote katika kijiwe. Mara moja moja kilinganisheni na kipimo kingine, maana kipimo kilichoanguka chini mara nyingi huanza kusema uongo.

NAMBA SAHIHI IKO WAPI?

Hapa watu wengi hupotea. Wanatazama ubavu wa tairi, wanaona namba, kisha wanamwambia fundi ajaze mpaka hapo. Katika magari madogo na pikipiki, namba ile kwa kawaida ni kikomo. Inasema: usivuke hapa. Haisemi kwamba gari lako linahitaji kiasi hicho. Tairi moja linaweza kufungwa kwenye magari ya aina nyingi, mazito na mepesi. Tairi halijui limefungwa kwenye gari gani.

Anayejua ni aliyetengeneza gari. Fungua mlango wa dereva, utazame kwenye nguzo ya mlango. Mara nyingi kuna kibandiko chenye namba za matairi ya mbele na ya nyuma, bila mzigo na kwa mzigo. Katika magari mengine kibandiko kiko ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kwenye pikipiki tazama karibu na kinga ya mnyororo, au soma kitabu kilichokuja nayo. Kama kibandiko kimeng'oka, muulize fundi anayeijua aina hiyo, kisha andika namba kwa rangi mahali utakapoziona. Sasa unajua kusoma na kuandika. Hii ni kazi nzuri ya elimu hiyo.

Magari madogo mengi huhitaji paundi 30 hadi 35. Pikipiki nyingi za bodaboda huhitaji karibu paundi 25 mbele. Nyuma huhitaji karibu 28 dereva akiwa peke yake, na 32 au 33 akiwa na abiria. Malori makubwa huhitaji paundi 100 na zaidi. Namba hizi ni za kukupa mwanga tu. Namba ya chombo chako ndiyo ya kufuata.

Angalia vizuri jambo moja. Pikipiki yenye abiria inahitaji upepo zaidi nyuma kuliko isiyo na abiria. Yule kijana alikuwa na haki ya kuongeza. Kosa lake ni kutopima. Na hata akijaza mpaka kwenye kikomo, kuna mzigo usiobebeka. Gunia la lumbesa pamoja na abiria ni mzigo wa chombo kingine. Tairi likishafika kikomo chake, kuongeza upepo hakulipi nguvu mpya.

Upepo ukizidi pia ni taabu. Tairi hugeuka gumu kama gogo. Linagusa ardhi kwa katikati tu. Kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo, linarukaruka na breki hazishiki vizuri. Likigonga jiwe au ukingo wa shimo, ni rahisi kukatika.

Tairi lenyewe litakwambia kama unalionea. Tazama kashata zake. Zikiisha katikati huku za pembeni bado nzima, upepo umekuwa mwingi mno. Zikiisha pembeni pande zote mbili, upepo umekuwa mdogo. Kwenye pikipiki yenye mpira wa ndani kuna dalili nyingine. Tazama valvu, pale unapojazia upepo. Inatakiwa kusimama wima. Ikiwa imelala upande mmoja, tairi linateleza kwenye ringi na kuuvuta mpira wa ndani. Mara nyingi sababu ni upepo mdogo. Siku moja valvu itang'oka, upepo utatoka wote mara moja, na huenda wakati huo umembeba mama mjamzito.

PIMA ASUBUHI, TAIRI LIKIWA BARIDI

Hewa ikipata moto hutanuka. Ndani ya tairi haina pa kwenda, kwa hiyo husukuma zaidi. Gari lililotembea mwendo mrefu juani linaweza kuonyesha paundi 4, 5 au 6 zaidi ya asubuhi. Hizo si upepo mpya. Ni moto.

Kwa hiyo pima kabla ya kuondoka, au gari likiwa limepumzika saa tatu hivi. Namba za kibandiko ni za tairi baridi.

Dereva akifika Ifakara mchana, akapima na kukuta 37 badala ya 32, anaweza kushawishika kutoa paundi 5. Asifanye hivyo. Jioni tairi likipoa litabaki na 27, na kesho yake ataanza safari na upepo pungufu. Lakini akilikuta tairi lina moto na bado namba iko chini ya ile ya kibandiko, ajue kwamba upungufu ni mkubwa. Aongeze, kisha atafute mahali upepo unapotokea.

Kutafuta si kazi ngumu. Tia mate kwenye valvu. Yakitoa povu, kisindano cha ndani kinavujisha. Paka tairi maji ya sabuni, utazame mahali mapovu yanapotoka. Na usitupe kile kifuniko kidogo cha valvu. Huku kwetu kwenye matope na vumbi, mchanga ukiingia katika valvu huizuia isifunge vizuri. Kifuniko ni kidogo, lakini kazi yake ni kubwa.

Hata tairi zima lisilo na pancha hupoteza upepo polepole, karibu paundi moja kwa mwezi. Kwa hiyo gari linalokaa tu nyumbani linahitaji kupimwa angalau mara moja kwa mwezi. Bodaboda inayofanya kazi kila siku ipimwe kila wiki. Lori la mizigo likaguliwe kila siku kabla ya kuondoka.

UPEPO ULIOTOLEWA KWENYE MATOPE

Sasa tuje kwenye jambo la huku kwetu hasa. Masika yakishuka kutoka milima ya Udzungwa, mito hujaa na barabara za bondeni hugeuka tope. Gari likikwama, madereva wazoefu hutoa upepo kidogo. Tairi hulala, kiganja chake hupanuka, na gari halizami sana. Ujanja huo ni wa kweli, hasa kwenye mchanga na tope laini. Unasaidia, kama mwendo ni mdogo.

Tatizo ni kile kinachofuata. Gari limetoka, watu wameshangilia, dereva ana haraka. Anasema atajaza mbele. Mbele hakuna pampu. Anaendelea polepole kwenye vumbi, na haoni ubaya wowote, kwa sababu mwendo mdogo hautoi moto mwingi. Kisha anafika kwenye lami ya Mikumi na Morogoro. Barabara ni nyoofu. Anakanyaga mafuta. Gari limejaa mchele, na juu ya magunia wamekaa watu. Tairi lililopunguzwa upepo Mngeta linaanza kuchemka huko, mbali kabisa na tope lililosababisha.

Abiria hawajui lolote. Wanasikia mlio tu.

Kama wewe ni dereva, usitoe upepo bila kuwa na pampu garini. Pampu ya mguu inatosha kwa gari dogo, ingawa utatoka jasho. Kama wewe ni abiria na umeona upepo ukitolewa, una haki ya kuuliza: "Dereva, tumeshajaza?" Kuuliza hivyo si kumkosea adabu. Wala usikubali kupanda juu ya magunia, hata kama nauli yake ni rahisi.

Tairi likipasuka gari likiwa mwendoni, dereva asikanyage breki kwa nguvu. Ashike usukani kwa mikono miwili, aondoe mguu kwenye mafuta, aache gari lipungue mwendo lenyewe, kisha atoke barabarani taratibu. Wa pikipiki naye ashike usukani ubaki nyoofu, aachie mafuta, na asikamate breki ya gurudumu lililopasuka.

LORI LINA HATARI ZAKE

Malori mengi yana matairi mawili mawili nyuma. La ndani halionekani vizuri. Likiisha upepo, mwenzake wa nje hubeba mzigo wote peke yake, na lori linaendelea kana kwamba hakuna kitu. Wakati huo la ndani linasagika na la nje linaelemewa. Yanaweza kupata moto mpaka yakawaka. Utingo ainame apime yote mawili. Atazame pia kama kuna jiwe lililobanwa katikati.

Na kuna hatari kwa fundi mwenyewe. Magurudumu ya baadhi ya malori yana pete ya chuma inayoshikilia tairi kwenye ringi. Upepo ukijazwa na pete haikukaa sawasawa, huruka kwa nguvu ya kuua mtu. Kabla ya kufungua gurudumu kama hilo, toa kwanza upepo wote. Wakati wa kujaza, liweke ndani ya kizimba cha chuma, au walau lifunge kwa minyororo imara. Tumia mpira mrefu wa kujazia, usimame pembeni, wala si mbele yake. Watoto wanaopenda kutazama kazi ya fundi waondolewe. Tairi la lori lililotembea likiwa halina upepo lisijazwe hivi hivi. Lifunguliwe, likaguliwe ndani, kwa sababu nyuzi zinaweza kuwa zimekatika ubavuni na nje usione kitu.

Trekta nalo lina utaratibu wake. Likiwa shambani linalima, matairi makubwa ya nyuma huhitaji upepo mdogo sana, mara nyingi kati ya paundi 12 na 20, ili yashike udongo na yasiugandamize. Likivuta tela la mpunga barabarani linahitaji zaidi. Kitabu chake kinaeleza. Kumpa dereva wa trekta kipimo cha lori hakusaidii, kwa sababu namba ndogo hazisomeki vizuri humo. Kuna kipimo chake.

Usisahau tairi la akiba. Hilo ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Linaning'inia chini ya gari mwaka mzima, linapigwa na tope, na kila mwezi linapoteza ile paundi yake moja. Siku ya kuhitajiwa, usiku, katikati ya Mbingu na Mngeta, linashushwa na kukutwa limelala. Lipime pamoja na mengine, tena liwekee paundi chache zaidi, kwa kuwa ni rahisi kupunguza kuliko kuongeza ukiwa porini.

Na mwenye baiskeli je? Soma ubavu wa tairi lako. Utaona namba mbili, ndogo na kubwa, au namba moja ya kikomo. Ukibeba mtu au gunia, karibia ile kubwa bila kuivuka. Pampu ya baiskeli haina kipimo mara nyingi, basi pita kwa kijana wa bodaboda mwenye kipimo chake umwombe akupimie. Vipimo vingi huingia pia kwenye valvu ya baiskeli iliyo nene kama ya pikipiki. Ile nyembamba ya zamani haiingii.